Vigingi kwenye Njia ya Tatu

Kinyinya, Kigali
Jumanne, 12 Machi 2024

Kwako Béatha, mtoto wa mwisho wa mama yangu,

Huku tumeamka sote. Hakuna aliyekufa isipokuwa jogoo wa jirani, na yule alijitakia. Kabla sijauliza kiuno chako kinasemaje, kaa vizuri nikupe habari: jana asubuhi nilishindana na mjukuu wako Mukunde pale kwenye njia ya mbio ya shule, mzunguko mzima, na nikamshinda. Mzee wa miaka yangu! Nilimwacha nyuma anakula vumbi langu.

Haya, vumbi halikuwepo, ile njia ni ya raba. Na mzunguko haukuwa mzima. Na kumshinda sikumshinda. Alinipa nusu ya uwanja nitangulie, nikakimbia kama kuku aliyefungwa mguu, nikafika kwenye kona nikakaa chini. Akanipita huku anacheka: "Babu, umesahau kufa?" Nikamwambia nangoja bibi yake wa Karagwe atangulie, yeye ndiye mwenye miadi na Mungu kila asubuhi.

Béatha, yule mtoto anakimbia. Binti yangu Mukamana alipotuachia yule mtoto mdogo na kwenda zake kaburini, nilidhani tumeachiwa mdomo wa kulisha. Sasa kocha wake, yule Mkenya Njoroge, anasema mwezi wa sita kuna mashindano, na akikimbia mita mia nne kama anavyokimbia mazoezini, kuna chuo kitamchukua na kumsomesha bure. Njoroge si mtu wa kusifia. Mimi mlinzi wa geti la shule ananiita "mzee wa funguo" na hajawahi kunisifia hata kwa kufungua geti.

Harusi ya mwanao bado inasemwa mtaa mzima. Jean-Berchmans amerudi dukani kwake Sonatubes kuuza vigae, na Kaliza ameanza kumpangia saa za kurudi nyumbani. Watu wanasema gusaba, sherehe ya kuomba mchumba, nzuri kama ile hawajaona, na posa niliyoitoa mimi msemaji wenu bado inawachekesha. Mkuu wa shule amefurahi, mlimlipa vizuri uwanja wake kwa siku ile ya harusi. Ni kweli wazazi wa Kaliza wasingeweza kutupokea kwao, nyumba yao imening'inia kwenye mteremko, ukiweka kiti kinatelemka na mgeni wake.

Siku ile Njoroge alikuwa kwao Kenya kumzika baba yake. Heri. Sheria zake unazijua, zimeandikwa getini: pasiwashwe moto, pasipite gari, visigino virefu marufuku, na kitu chochote chenye ncha kisiguse raba ile ila misumari mifupi ya viatu vya mbio. Sisi tukaleta vyote, na ng'ombe juu.

Aliporudi nilikuwa nimeshasafisha. Kinyesi cha ng'ombe nilikiosha. Pale walipochomea nyama nilipasugua. Na yale mashimo ya vigingi vya hema, yaliyopita kwenye raba mpaka kwenye lami ya chini, niliyajaza nta ya mshumaa, juu yake nikapaka dawa nyekundu ya viatu. Ukipita huoni kitu. Mimi wa darasa la tano nimeziba uwanja uliowaleta mafundi kutoka ng'ambo!

Bakora yangu uliyoondoka nayo, kaa nayo. Ulisema una deni la fadhila kwangu. Mimi siihitaji, si unaona ninavyokimbia.

Kaka yako,
Ntare


Kayanga, Karagwe
9 Aprili 2024

Kaka Ntare,

Shikamoo. Barua yako imefika kwa mkono wa utingo wa basi, ikiwa na alama ya chai. Sisi wazima. Migomba imeanguka kidogo kwa upepo. Kiuno changu kinaniuma nikiinuka, nikishainuka kinanyamaza. Bakora imenisaidia, natembea nayo mpaka kanisani na kurudi. Ndiyo, nina deni lako la fadhila, na nitalilipa, ila usinidai kila mwaka kama ulivyomdai marehemu mume wangu ile baiskeli.

Uniandikie barua, usinipigie simu. Kwenye simu unacheka kabla sijamaliza kuuliza, na mimi nakuwa nimesahau swali. Kwenye karatasi huwezi kunikimbia.

Nimesoma habari ya nta na dawa ya viatu mara mbili. Sijaipenda. Kama raba imetoboka si umwambie mwenye uwanja? Lakini wewe ndiye uliyeko huko, unajua kwao wanapendaje kuambiwa.

Mwezi huu kwenu ni wa kumbukumbu ya waliouawa, najua hamfanyi kelele. Nami huku nimewasomea misa watu wetu, wote kwa majina.

Mwambie Mukunde nimemtumia senene wakavu kwenye kopo. Wewe usile. Mwambie kila siku nikimaliza rozari naongeza kumi la miguu yake.

Mdogo wako,
Béatha


Kinyinya, Kigali
27 Mei 2024

Mpendwa Béatha,

Kopo limefika. Senene nimewala mimi, nimefanya makusudi, niripoti kwa padri wako. Hapa Kinyinya wanajenga kila mahali, usipoangalia unaamka asubuhi umejengewa chumba mgongoni. Jean-Berchmans anakusalimu, Kaliza anatapika asubuhi, hesabu mwenyewe. Mbwa wa shule amezaa. Mke wa jirani, yule wa jogoo, ameokoka tena, mara ya tatu.

Mvua, Béatha! Mwaka huu Mungu wako amesahau kufunga bomba. Mto Nyabugogo ulimwagika mpaka barabarani. Huku kwetu uwanja ulikaa na maji wiki nzima, na yakishakauka juu, chini hayakauki. Ile raba, kwenye kona ya kwanza, imeanza kuvimba. Umeona chapati inavyopata tumbo kwenye kikaango? Hivyo hivyo. Ukikanyaga inabonyea, ukiondoa mguu inarudi juu. Njoroge aliinama akabonyeza kwa kidole, akasema gundi ya wale mafundi haikuwa nzuri. Mimi nikasema, ndiyo, gundi ya siku hizi.

Mukunde anakusalimu sana. Alijikwaa kidogo mazoezini, hayupo nyumbani kwa sasa, atakuandikia. Anasema asante kwa rozari na kwa senene.

Ng'ombe wa mahari naye ni mzima, wanasema ana mimba. Hata yeye harusi ilimwendea vizuri.

Wako,
Ntare


Kayanga, Karagwe
16 Juni 2024

Kaka Ntare,

Shikamoo. Sisi wazima, migomba mizima, kiuno ni kilekile.

Nimeisoma barua yako mbele ya jiko na nimeisoma tena kitandani. Umeniandikia mbwa. Umeniandikia mke wa jirani. Umeniandikia mimba ya ng'ombe. Mjukuu wangu umempa mistari miwili. "Alijikwaa kidogo." "Hayupo nyumbani." Mtoto aliyejikwaa kidogo analala wapi ambako si nyumbani?

Na salamu zake zimeandikwa kwa mwandiko wako. Mukunde tangu ajue kushika kalamu huniandikia mwenyewe hata mstari mmoja chini ya barua yako, na huchora kiatu badala ya sahihi. Hakuna kiatu.

Jean-Berchmans nilimpigia, akaniambia nimuulize mjomba. Mimi ndiye niliyemzaa yule, na ninajua akidanganya anavyokohoa.

Mwezi wa sita umefika. Mashindano yake ni lini? Nijibu hilo tu, usiniandikie kuhusu mvua.

Béatha


Kinyinya, Kigali
8 Julai 2024

Béatha wangu,

Shika kitu kabla ya kuendelea. Hai yuko hai.

Ilikuwa katikati ya Mei. Walikuwa wanakimbia kwa kasi ya mashindano, yeye kwenye njia ya tatu, ametoka kwenye mstari kama alivyozoea, wenzake wameanza kuwa wadogo nyuma yake. Mimi nilikuwa getini nagombana na mtu wa pikipiki. Nilisikia kwanza kimya. Watoto wanaokimbia hupiga kelele, Béatha, ukisikia wamenyamaza ujue kuna kitu. Kwenye ile kona ya kwanza misumari ya kiatu chake iliingia kwenye raba iliyovimba, raba ikaachana na lami, ikainuka kama zulia na kumfunga mguu. Mwili ulikwenda, mguu ukabaki. Mfupa wa paja ulivunjika karibu na goti, na goti lenyewe limechanika ndani.

Walimtia vyuma. Kidonda kikaingiwa na wadudu, wakafungua tena, wakasafisha, wakafungua tena. Ndiyo maana hakuwepo nyumbani. Karatasi nilimpelekea ili akuandikie, akageukia ukutani. Daktari mmoja kijana, mpole, alinitoa nje kwenye korido akaniambia mguu watauokoa, lakini hautakunjika kama zamani na utakuwa mfupi kidogo. Nikamuuliza, na mbio? Akaniuliza nimeshakula. Hapo nikajua.

Sasa yuko nyumbani kwa magongo. Shule ilikaa kikao. Njoroge alikuwa amemkataza kuvaa vile viatu alivyonunua mwenyewe mitumbani Kicukiro, misumari yake ilikuwa mirefu kuliko inayoruhusiwa. Siku ile alivivaa kwa sababu vya shule vilimbana. Basi kikao kikasema: viatu. Mkuu wa shule amesema: viatu. Njoroge naye wamemwambia hakusimamia, wamemrudisha kwao. Alipita getini na begi lake, akanipa mkono. Mara ya kwanza.

Na Mukunde anasema: viatu. Anakaa kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango, anasema, "Babu, nilikatazwa. Nilijifanya mjuaji. Nimejivunja mwenyewe, na kocha nimemfukuzisha mimi." Kila siku. Chakula anakizungusha kwenye sahani.

Wenzake walivaa misumari, Béatha. Mirefu na mifupi, walipita pale wiki zote kabla ya mvua, na raba haikuinuka. Wewe unajua maji yaliingilia wapi. Mimi najua. Harusi ilikuwa nzuri, sisemi lingine.

Nimwambie nini huyu mtoto?

Ntare


Kinyinya, Kigali
11 Agosti 2024

Béatha,

Hujambo, au hujambo haipo tena? Kama umekufa niambie nisiharibu wino. Basi limekuja mara nyingi, utingo ananiona, anatikisa kichwa kutoka mbali ili nisisogee. Kaliza tumbo limeonekana. Jean-Berchmans haji huku, akija anasimama mlangoni kama mtu wa kusoma mita ya umeme, anaacha matunda, anakohoa, anaondoka.

Ninajaribu kumchekesha. Jana nilivaa magongo yake nikacheza ngoma ya ikinimba mbele yake mpaka nikaanguka kweli kwenye beseni la nguo. Aliniangalia kama unavyoangalia ukuta. Halafu akasema, "Babu, vile viatu vichome moto. Sitaki vilale nyumba moja na mimi." Nikavichukua. Sikuvichoma. Nimevitundika kibandani kwangu pale getini, nyuma ya mlango.

Amekonda. Mikono yake imekuwa ya mama yake zile siku za mwisho. Unaikumbuka mikono ya Mukamana. Nesi amesema mtu aliyevunjika mfupa asipokula, mfupa nao haushiki.

Sikiliza. Naweza kumwambia kwamba mkosaji ni mimi, mzee wa funguo na mishumaa yake. Lakini yeye si mjinga, ataniuliza hema zilifikaje kwenye raba wakati katikati kuna nyasi tele. Siku ile alikuwepo, alikuwa jikoni na wasichana wenzake wanapanga sahani, hakusikia yaliyosemwa nje. Akiniuliza hilo, sina jibu ambalo ni langu peke yangu kulitoa.

Niandikie hata tusi.

Ntare


Kayanga, Karagwe
30 Agosti 2024

Kaka Ntare,

Shikamoo.

Mwambie. Anza na jina langu. Mwambie mvua ilikuwa imenyesha, nyasi zilikuwa matope, na bibi yake alisimama na bakora akasema wakwe zake hawatakaa kwenye matope na mishanana yao, nguo nyeupe za sherehe, hema zihamie kwenye raba, raba haina matope. Mwambie wewe ulisema Njoroge hataki. Mwambie nilikujibu, Njoroge ndiye anayeoza mwana au mimi?

Usinipambe. Usitie utani.

Béatha


Kinyinya, Kigali
22 Septemba 2024

Béatha, mtoto wa mama,

Sisi tupo. Kaliza anatembea kama bata, Jean-Berchmans ameanza kununua vitanda. Vitunguu vimepanda. Hizo ndizo salamu, sasa nikueleze.

Nilimchukua Jumapili iliyopita, watu wakiwa makanisani. Nilimwambia nimesahau miwani kibandani. Alijua nadanganya, sina miwani. Tukaenda polepole, yeye na magongo, mimi bila fimbo, sijui nani alikuwa anamchelewesha nani. Ile kona wameizungushia utepe, hawajaikarabati. Alisimama mbali, hakutaka kusogea. Nikapiga magoti, nikachokonoa kwa kisu changu pale kwenye njia ya tatu, ile dawa nyekundu ikatoka, nta ikatoka kipande kizima, na maji yakaja juu yenyewe. Tangu masika, Béatha, maji bado yamelala mle chini.

Nikamwambia, "Leta kidole." Akaketi chini, ilimchukua muda na ule mguu wake uliokakamaa, akaingiza kidole. Kiliingia mpaka kikagusa lami. Nikamwonyesha shimo jingine, na jingine, mstari mzima ulionyooka kufuata upande wa hema ilipokuwa. Akauliza, "Ni nini hiki?" Nikasema, vigingi. Vya harusi.

Nilianza na jina lako kama ulivyoniagiza. Maneno yako niliyasema yote, hata lile la nani anayeoza mwana. Sikutia utani. Halafu nikaweka jina langu juu ya lako, kwa sababu wewe ulisema hema zihame, lakini mimi ndiye niliyefungua geti na mimi ndiye niliyepaka rangi kidonda ili daktari asikione. Kama Njoroge angeyaona mashimo yale angefunga njia ile siku hiyohiyo. Hilo hukuniagiza, nimeliongeza mwenyewe.

Nilidhani atalia, nikaanza kutafuta leso. Akasema, "Kwa hiyo miezi yote hii mlikuwa mnaniangalia nikivitukana viatu vyangu."

Nikasema ndiyo.

"Na kocha akapita getini na begi lake, ukampa mkono."

Nikasema ndiyo, nilimpa.

"Viatu viko wapi?"

Nikamletea. Alivifunga kamba, akavitundika shingoni, akarudi navyo nyumbani vikimgonga kifuani kila hatua. Watu walikuwa wanatoka kanisani wakati huo. Hakumsalimu mtu.

Jumatatu alikwenda kwa mkuu wa shule mwenyewe, kwa magongo, akampeleka uwanjani akamwonyesha. Mimi niliitwa baadaye. Funguo nimezirudisha. Mkuu hakupiga kelele, alinyoosha tu mkono wake, na mimi nikazitoa moja moja kwenye pete kwa sababu pete ni yangu. Wamempigia Njoroge simu. Haipokei. Wamempigia tena, mtu mwingine akapokea, akasema amepata kazi ya ulinzi Eldoret, na hataki kusikia neno Kigali. Mafundi watakata ile kona yote na kumwaga raba mpya kabla ya mvua kubwa. Chuo kile hakijauliza, na hakitauliza, wana wasichana wengine.

Kula anakula. Si kwa furaha, anakula kwa hasira, kama mtu anayelipiza, lakini sahani inarudi tupu. Mimi hanisemeshi isipokuwa kwa lazima. Leo asubuhi nilimwuliza anataka uji, akasema, "Tia sukari," nikaimba moyoni kama mlevi.

Barua yako nilimsomea yote. Nikamwuliza ana salamu. Aliangalia barabarani, akasema hana. Kwa hiyo sikuandikii salamu ambazo hakutoa, na chini ya karatasi hii usitafute kiatu. Ukija, njoo wakati wa mtoto wa Kaliza, kaa siku nyingi, na usimpigie magoti. Msaidie kuosha vyombo.

Daktari amesema akimaliza na magongo atahitaji fimbo, ya kudumu. Zile za dukani ni za vizee wenye vikohozi, hataonekana nazo barabarani. Unakumbuka una deni langu la fadhila. Nirudishie ile bakora yangu, mpe utingo aishike mkononi njia nzima, asiiweke chini ya viti. Na usiikate kwa chini kwa kufikiria kimo changu. Yeye ni mrefu kuliko mimi.

Ntare